Unataka kuzunguka na gita ya bluzi ukitokea Lubumbashi? Anzia hapa

Mbele ya kwenda kununua pedali ingine jiulize kwanza hivi: nikipewa kiti kimoja, gita moja na mikro moja, nitawashika watu dakika 90 bila bendi? Kama jibu ni hapana, basi mambo ya paspoti na mabasi bado sana, rudi nyumbani upige. Sisemi hivyo kukukasirisha. Hesabu ya safari kwa sisi wa huku Katanga ni kali, bendi ya watu watano inataka tiketi tano, vitanda vitano, sahani tano za bukari, na mwenye bar wa Kolwezi ama wa Kitwe hana hiyo franga, lakini mtu mmoja na gita yake anaweza kumchukua Ijumaa, na akimpenda anamwita tena mwezi unaokuja. Kwa hiyo haya naandikia mpiga gita wa peke yake, mukizidi sana muko wawili. Mwenye bendi kubwa na mdhamini atafute mwingine wa kumshauri.

Gumba njo kazi yenyewe

Wengi wakisikia bluzi wanawaza zile solo za kulia kule juu, macho yamefungwa, jasho linatoka. B.B. King alifanya hivyo kupita wote, lakini nyuma yake kulikuwa na bendi nzima na matarumbeta, na mwenyewe alikuwa anasema wazi kwamba hawezi kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Akiimba gita inanyamaza, akinyamaza gita inaimba. Wewe peke yako ukifanya hivyo, kila ukifungua mdomo ukumbi unabaki mtupu. Unatakiwa kwenda nyuma zaidi, kwenye bluzi ya Mississippi na ya Carolina ya gita kavu, ambako gumba linatembeza besi bila kusimama na kidole cha shahada kinaimba juu yake. Reverend Gary Davis, yule kipofu wa South Carolina aliyezaliwa 1896, alipiga kwa gumba na shahada tu, vidole viwili, na ukimsikia unaapa wako watu wawili.

Sasa sikia bahati tuliyo nayo. Jean Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya, naye alipiga kwa gumba na shahada. Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi 1952 kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na hiyo sauti ikafika mpaka Nairobi ambako baadaye alikaa kidogo na kupiga redioni, vijana wa Kenya wakajifunza mkono wake, halafu 1969 akaonekana kwenye tamasha la Newport kule Marekani, kwenye jukwaa ambalo wazee wengi wa bluzi walipitia. Edouard Masengo na Losta Abelo nao ni wapiga gita wa mkono huu wa Katanga. Kwa hiyo ukienda kwa watu na bluzi ya Chicago uliyoiga kwenye simu, wao wako na hiyo simu pia, watakulinganisha na mwenyewe na utashindwa. Ukienda na bluzi yenye mkono wa Katanga ndani yake, hawana wa kukulinganisha naye. Tafuta papa mmoja wa zamani kwenye mtaa wako, wako bado, mwingine alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, na gita imetundikwa ukutani haina uzi wa kwanza, nenda na nyuzi mpya, msalimie vizuri, kaa chini, usitoe simu mara moja. Angalia mkono wa kulia, wa kushoto utajijua wenyewe.

Zoezi la kuanzia ni hili. Shika akodi ya E. Gumba linapiga uzi wa sita (ule mnene kuliko yote) kisha wa nne, wa sita kisha wa nne, mipigo minne kila mizani, polepole kabisa, na kiganja kinagusa nyuzi za besi kidogo pale karibu na daraja ili sauti iwe fupi, isivume. Usiguse nyuzi nyembamba. Fanya hivyo mpaka uweze kuongea na mtu, umjibu maswali, na gumba lisiyumbe. Kisha ingia kwenye mizani 12: E nne, A mbili (hapo gumba linaanza uzi wa tano), E mbili, B7 moja, A moja, E moja, na ya mwisho B7 ya kukurudisha mwanzo. Ndiyo hiyo tu. Bluzi nyingi imejengwa juu ya hizo mizani 12, na anayekuambia ni rahisi mwambie azipige dakika kumi bila kumchosha mtu.

Maneno nayo yana sheria yake, unasema mstari, unaurudia, halafu unaujibu. Andika kwa Swahili yako, usilazimishe Kiingereza cha kuokota:

Nimepanda lori ya Kasumbalesa, mama, gurudumu imepasuka,
Nasema nimepanda lori ya Kasumbalesa, mama, gurudumu imepasuka,
Shofa amelala chini ya gari, na kule konseri inaanza saa mbili.

Watu watacheka, na hapo hapo umewapata. Weka na nyimbo mbili tatu za Kibemba, maana ukivuka mpaka, Chililabombwe mpaka Ndola, hiyo lugha utaikuta barabarani na sokoni, na mchimbaji wa kule na wa huku walikula vumbi moja.

Kitu kimoja nisisahau. Utakapoanza kupiga vizuri wataanza kusema umechukua mamba muntu, yule nguva wa uchawi, umeuza mtu wa familia. Wamarekani nao walisema vilevile juu ya Robert Johnson, mpiga bluzi wa Mississippi, kwamba aliuza roho kwa shetani njia panda. Ukweli ni kwamba alipotea kidogo, akakaa na mpiga gita mmoja anaitwa Ike Zimmerman, akafundishwa, akarudi mkono umebadilika. Alirekodi nyimbo 29 tu, 1936 na 1937, akafa 1938 na miaka 27. Wakikuuliza siri waambie repetisyo (mazoezi), hawataamini, haina neno.

Vitu vya kubeba

Gita ya akustiki yenye pikap nzuri, moja. Uzuri wa rangi hauna kazi, angalia shingo kama imenyooka na funguo kama zinashika. Nyuzi za unene wa 12 mpaka 53 zinatosha kwa mkono huu wa besi nzito, kama vidole bado laini anza na 11, na beba seti tatu za akiba kwa sababu ukifika mji mdogo unakuta wanauza nyuzi mojamoja zilizoshika kutu ndani ya karatasi. Uzi wa tatu njo unakatika sana. Jifunze kuubadilisha huku unaongea na watu kwa mikro, hiyo peke yake ni sehemu ya shoo.

Kiangazi chetu ndiyo adui mkubwa wa gita na watu hawajui. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hewa ya Lubumbashi inakauka mpaka midomo inapasuka, na mbao ya gita inafanya vilevile, ubao wa juu unazama, nyuzi zinaanza kugonga kwenye freti, ukizembea unapata ufa mrefu chini ya daraja na hapo umekwisha. Dawa yake ni ya bei ndogo: chukua kile kisanduku cha plastiki cha kuwekea sabuni, kitoboe matundu upande mmoja, weka ndani sponji uliyolowesha na kukamua mpaka haidondoki, kifunge na elastiki, kiweke ndani ya kesi karibu na kichwa cha gita. Kila siku mbili tatu lowesha tena. Ukishuka Dar es Salaam mambo yanageuka, kule pwani hewa imejaa maji, mbao inavimba na nyuzi zinapanda juu, basi sponji toa kabisa na weka zile pakiti ndogo za kukausha zinazokuja ndani ya viatu vipya. Kwenye ndege legeza nyuzi kidogo, zisiachie zote, na betri za lithiamu usiweke kwenye mzigo wa chini.

Umeme: huku kwetu ni volti 220. Kuna watu wananunua ampli ya okazyo (iliyotumika) iliyotoka Marekani, kule ni 120, wanachomeka, tunasikia harufu. Soma nyuma ya kifaa. Na Zambia, Kenya, Uganda utakuta soketi za matundu matatu bapa kama za Uingereza, kwa hiyo adapta mbili, moja itaibiwa.

Ongeza di-boksi (kisanduku cha kuunganisha gita na mashine ya sauti), waya mbili za jaki, kapo (kibanio cha kubana nyuzi shingoni mwa gita), tyuna ya kubana kwenye kichwa cha gita, tochi. Basi. Ukishindwa kubeba vyote mwenyewe kutoka stendi mpaka hoteli kwa miguu, umebeba vingi.

Njia

Usianze na Ulaya. Anza na duara ambalo Jumatatu linakurudisha nyumbani. Hapa Lubum jaribu Halle de l'Étoile ya Institut français, kule watu wanakaa kimya na kusikiliza, ni shule nzuri ya kukuonyesha ulipo mchovu. Kisha Likasi, kilomita kama 120. Kisha Kolwezi, karibu 300, kule kuna pesa za migodi na bar zenye watu waliotoka zamu wanaotaka kitu cha kuwapumzisha, lakini wanaongea kwa sauti kubwa na hutawanyamazisha kwa kuongeza volyumu. Piga polepole zaidi, chini zaidi. Meza ya mbele ikinyamaza, ya pili itafuata.

Duara la pili ni Zambia. Kasumbalesa iko kilomita kama 90, ukivuka unapata Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, miji imefuatana vizuri, mpiga gita wa peke yake anaweza kuifanya kwa wiki moja bila kulala njiani. Ukishafika Lusaka na mambo yakaenda, kuna treni ya TAZARA kutoka New Kapiri Mposhi mpaka Dar, kilomita 1,860, siku inapotembea. Usiwahi kupanga konseri siku ileile ya kufika. Na Zanzibar kuna tamasha la Sauti za Busara mwezi wa pili, maombi yanapelekwa miezi mingi mbele, video moja ya laivu yenye sauti safi inashinda klipu tano za kuvaa miwani.

Goma na Bukavu nazipenda sana, Goma walikuwa na Amani Festival tangu 2014, watu wa kule wanasikiliza gita kwa moyo. Kwa hali ya vita ongea kwanza na watu walioko kule kabisa, usimwamini anayekuhakikishia akiwa Kinshasa.

Mpaka wa Kasumbalesa unahitaji asubuhi yako yote, malori yamejipanga mpaka hayaonekani mwisho. Mbele ya kuondoka andika karatasi: gita, aina, namba iliyoandikwa ndani ya tundu, di-boksi, waya, kila kitu. Peleka kwa douane (forodha) upande wetu wakati wa kutoka, wagonge muhuri. Bila hiyo karatasi, siku ya kurudi gita yako uliyonunua miaka mingi imepita inakuwa bidhaa mpya inayoingia nchini na utaanza kubembeleza. Kadi ya njano ya chanjo iwe ndani ya paspoti, siyo ndani ya begi chini ya gari. Na omba mwenye kukualika akuandikie barua yenye tarehe, mahali na nani anakulipa, kisha uulize ubalozi wao kama ruhusa ya kuingia inakuruhusu kupiga muziki kwa malipo, maana ni vitu viwili. Kumwambia ofisa eti unaenda kumsalimia shangazi huku umebeba gita na mabango yenye sura yako, hapana.

Franga

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa njo watu wanaachia kazi.

Kila kitu kiandikwe, hata kwa WhatsApp inatosha: kashe (malipo yako) ni ngapi, kwa dola ama franga ama kwacha, avansi (kianzio) ya nusu inafika lini, nani analipa usafiri, nani analipa chumba, nani analeta sono (vyombo vya sauti), unapanda saa ngapi, unashuka saa ngapi, na nani anabeba gharama ya kutuma kwa Airtel Money ama M-Pesa. Akijibu "usijali mkubwa, tutapatana tu", jali. Kuna bar moja hapa mjini, jina naliacha, usiku umeisha, watu wamejaa mpaka nje, patron ananiletea kasha ya bia na kuniambia hiyo ni kashe yangu, tena anacheka. Avansi ingekuwa imeingia asingecheka.

Dola hesabu mbele yake na uangalie moja moja kwenye mwanga. Noti iliyochanika hata kidogo pembeni huku hakuna atakayeipokea, za zamani vilevile, na anayekulipa anajua hiyo kuliko wewe, kwa hiyo atazificha katikati.

Kukubali ama kukataa konseri fanya hesabu hii, nauli ya kwenda na kurudi, chumba, chakula, nyuzi, simu, na siku ya kazi uliyopoteza nyumbani. Jumlisha. Kama kashe haizidi hapo, unalipa wewe ili watu wakusikilize, na mara moja moja inaruhusiwa, kama mji ni mpya na uko na uhakika wa kurudi. Ikiwa kila mara, hiyo ni dini.

Howlin' Wolf, yule mwimbaji wa bluzi mwenye sauti ya kutisha watoto, alikuwa amekua bila kusoma, akarudi shule mtu mzima kule Chicago na akafika mpaka kujifunza mambo ya hesabu za biashara. Wanamuziki wake alikuwa anawalipa kwa wakati na kuwakatia michango ya bima ya jamii, wakati wenzake wengi walikuwa wanawakimbia wapiga gita wao. Ndiyo maana wazuri walibaki naye. Nunua daftari, ukurasa mmoja kila konseri, kilichoingia kushoto, kilichotoka kulia. Siyo siri kubwa.

Usiku wenyewe

Fika na jua. Uliza umeme unatoka wapi na jenereta iko wapi na nani anaiwasha, kwa sababu umeme wa SNEL, kampuni ya umeme, utaondoka, tena utaondoka katikati ya wimbo mzuri. Hapo mpiga solo wa pedali anabaki na mikono hewani. Wewe simama, toka mbele ya mikro, sogea katikati ya meza, endelea na wimbo uleule bila kukata gumba. Watu watawasha taa za simu na kesho watasimulia hiyo tu. Kwa hiyo kila wiki fanya repetisyo moja bila umeme, ukiimba kwa sauti ya kufika ukuta wa nyuma.

Uliza pia watu wa pale wanataka nini. Muddy Waters, mkubwa wa bluzi ya Chicago, alifika Uingereza 1958 na gita ya umeme, wengine wakashtuka, walikuwa wanangoja mzee wa shamba na gita kavu. Miaka michache baadaye akarudi na ile kavu, akakuta vijana sasa wanataka umeme. Mtu mkubwa vile! Mpigie simu mwenye mahali wiki moja mbele, muulize wiki iliyopita nani alipiga na watu walikuwa wanafanya nini, wanacheza ama wanakula. Wakiwa wanakula anza na nyimbo zisizo na maneno. Wakiwa wa kucheza, mkono wa Katanga uko tayari, ongeza mwendo tu.

Dada zetu, mwenye mahali akianza kukuuliza kama umekuja na "yule anayepiga gita", mtafutie video ya Sister Rosetta Tharpe, 1964, kituo cha zamani cha reli kule Manchester, mvua imenyesha, koti zito, gita ya umeme mkononi. Kisha mpandishie bei.

Mwili na nyumbani

B.B. King mwaka 1956 peke yake alipiga konseri 342. Huyohuyo alikuja mpaka Kinshasa mwaka 1974, kwenye tamasha la mwezi wa tisa mbele ya pigano la Ali na Foreman. Aliendelea kuzunguka mpaka uzee wa miaka themanini na kitu, na sukari mwilini, akafa 2015 na miaka 89. Usichukue ile namba 342 kama mfano wa kufuata, mtu huyo alikuwa na basi lake, shofa na watu wa kubeba. Wewe unapanda taxi-bus magoti yamefika kwenye kidevu. Konseri tatu kwa wiki, siku moja ya kulala. Kunywa baada, siyo mbele. Masikio: ukikaa karibu na spika kubwa kila wikendi utaanza kusikia filimbi usiku, vile vipira vya masikio vinauzwa famasi kwa bei ya soda.

Ada ya shule na kodi ya nyumba lipa mbele ya kupanda basi, acha na kitu kwa mama ya watoto, mwambie tarehe ya kweli ya kurudi. Simu za ugomvi saa kumi na moja jioni zinaharibu shoo kuliko sono mbaya.

Ukirudi

Nyimbo zako ziandikishe SOCODA, shirika la haki za watunzi, hata kama unasikia watu wanalalamika kwamba malipo hayafiki, bila jina lako kwenye karatasi hauna pa kuanzia kudai. Kisha ndani ya siku tatu mwandikie kila aliyekupokea, ujumbe mfupi, usimwage maneno. Kitu kama hiki: "Jambo papa, nimefika Lubum salama. Asante kwa Ijumaa, watu wako ni wazuri. Nakutumia video ya dakika moja uiweke kwenye ukurasa wako. Narudi upande wenu mwezi wa nane, niko na Ijumaa mbili hazijachukuliwa, unataka ipi?" Muulize ipi, usimuulize kama anataka. Asipojibu wiki nzima piga simu, saa nne asubuhi, wenye bar hawaamki mbele ya hapo.